Wembamba unaweza kunikatia siku mapema? Naomba ushauri

MamaKatuba:
Habari zenu, wamama. Niko Lubumbashi, nina miaka 43. Tangu mvua zianze sijaona siku zangu, na usiku joto linanipanda ghafla mpaka shuka linalowa. Mwembamba nimekuwa tangu usichana, ila mwaka huu nimepungua zaidi: kilo 47, urefu mita 1.64. Yaya yangu, dada yangu mkubwa, ana miaka 52, mnene haswa, na bado anaona mwezi, tena damu nyingi. Wenzangu wa soko la Kenya, hapa hapa mjini, wanasema mafuta ndiyo yanamshikia, nami nikinenepa siku zitarudi. Mmoja ameniletea vidonge vya kunenepesha, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari, havina jina. Ninywe? Au niongeze tu bukari (ugali)?

Dada_Kamalondo:
Yaya, umepima mimba? Usinicheke. Shangazi yangu alijua amekwisha maliza, kumbe kitinda mimba yuko njiani. Sasa yuko shuleni.

MuuguziKampemba:
Dada kasema la kwanza kabisa. La pili: vidonge hivyo usiviguse. Vingi vya aina hiyo ni deksamethazoni. Vinavimbisha uso, vinapandisha sukari na presha, na vinakula mifupa.

Wenzako wa sokoni, hata hivyo, hawajabuni. Mafuta ya mwilini hutengeneza estrojeni, homoni ya kike, kidogo. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliounganisha tafiti 11, wanawake zaidi ya 24,000, ulionyesha kuwa wembamba sana walikuwa na uwezekano kama mara mbili wa kukoma hedhi kabla ya miaka 45. Wanene nao walielekea zaidi kuchelewa, hadi 56 na kuendelea. Gawanya 47 kwa 1.64, kisha tena kwa 1.64: unapata 17.5 hivi. Chini ya 18.5 ni uzito pungufu, kwa hiyo uko upande huo.

Ila kuna mambo mawili watu wanayachanganya. Mayai yakiisha, hakuna bukari itakayoyarudisha. Lakini mwili ukikosa chakula au ukiwa na mawazo mengi, ubongo unaacha kuviamsha vifuko vya mayai, na hedhi inasimama bila kuwa imekoma. Hiyo inaweza kurudi mwili ukipata nguvu. Kukoma tunahesabu baada ya miezi 12 mfululizo bila damu, wewe hujafika.

Swali langu kwako: mbona umepungua mwaka huu? Hilo ndilo linanisumbua kuliko hedhi. Jasho la usiku na kukonda vinaweza kuwa kifua kikuu. Je, unakohoa? Pima makohozi, VVU, sukari na tezi ya shingo. Homoni ya FSH, ile inayoamsha vifuko vya mayai, ipimwe baadaye, mara mbili, wiki kadhaa kati ya kipimo na kipimo.

Baba_Ruashi:
Mke wangu ni mnene na alikoma akiwa na 46. Mafuta yake yalikuwa wapi?

MuuguziKampemba:
Baba, ni uwezekano, si sheria. Damu ya ukoo inahusika sana: muulize mama mkwe alikoma lini. Sigara nayo inawahisha kwa mwaka mmoja au miwili.

MamaKatuba:
Asante. Kikohozi kipo, nilidhani ni vumbi la barabara. Basi na yaya ndiye mwenye bahati?

MuuguziKampemba:
Hapana! Damu nyingi katika umri huo, na unene juu yake, inataka kuangaliwa. Estrojeni ya miaka mingi inaongeza hatari ya saratani ya tumbo la uzazi na ya titi. Nendeni pamoja. Na wewe, ikithibitika umekoma kabla ya 45, usikubali kuambiwa "ni umri tu": ulizia dawa za homoni, kwa ajili ya mifupa na moyo.

Dada_Kamalondo:
Na ile karatasi ya vidonge uibebe, daktari avione.