Mjadala: Vilainishi vya plastiki visivyomalizwa na bakteria viendelee kuruhusiwa?

Mwanzisha mada, Mtwara
Wakuu, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na tumeshazoea vikapu. Kuna plastiki nyingine hatujaigusa kabisa: PVC laini. Mipira ya kumwagilia, vitambaa vya meza vya mama ntilie, mazulia ya plastiki, nyaya za umeme. PVC yenyewe ni ngumu, ndiyo ile ya mabomba ya majitaka. Inalainishwa kwa kimiminika cha mafuta-mafuta ambacho kinaweza kufika asilimia 40 ya uzito wa bidhaa, na hakijafungwa kikemia kwenye plastiki. Kinatoka kidogo kidogo. Tazameni mpira wa bustani ya mchicha uliokaa juani muda mrefu: umekakamaa, ukiukunja unapasuka. Jua limechangia, lakini kilainishi nacho kimetoka, na kimeingia kwenye udongo ule ule wa mchicha.

Kilichotumika sana duniani kinaitwa DEHP. Ulaya ilikibana kwenye midoli ya watoto kwa sheria ya 2005, kisizidi asilimia 0.1. Bakteria wanaanza kukila bila shida, vimeng'enya vyao vinakata viungo vya esta, yaani pale asidi na pombe zilipoungana ndani ya molekuli. Kazi inakwama kwenye mabaki. Pombe inayobaki (ya kikemia, si ya kunywa) ina tawi kwenye mnyororo wake wa kaboni, na tawi hilo linawazuia kuendelea. Inageuka asidi inayodumu, na kwenye vipimo mabaki hayo yameonekana kuwa na sumu kali kuliko DEHP yenyewe.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walichukua vilainishi vya jamii ya dibenzoeti ambavyo vilikuwa vinakwama katikati, wakaweka kaboni mahali palipokuwa na oksijeni ndani ya molekuli. Bakteria wale wale, Rhodococcus rhodochrous, wakapita bila kulimbikiza mabaki. Badiliko la atomu moja tu! Msimamo wangu: TBS, Shirika la Viwango Tanzania, wadai kipimo cha mabaki yanayoachwa na bakteria kwa kila kilainishi kwenye PVC laini inayoingia nchini. Leteni hoja.

Mchangiaji, Lindi mjini
Mkuu, tulishauziwa maneno haya. Duniani walitia chumvi za metali kwenye mifuko wakaiita inayooza, kumbe inasagika tu kuwa vipande visivyoonekana. Ulaya wameipiga marufuku tangu 2021. Mimi nasema pesa iende kwenye kuzoa taka ufukweni. Basi.

Fundi umeme, Masasi
Mnasahau hali ya hewa yetu. Kilainishi kinacholiwa kirahisi kitaliwa kikiwa bado kwenye waya. Sehemu zenye unyevu, ukungu unaota juu ya PVC laini, madoa meusi, halafu ganda linakakamaa. Nani atabeba lawama nyumba ikiungua?

Mchangiaji, Newala
Na korosho je? Mafuta ya maganda, yale yanayochubua mikono ya wabanguaji, yanatoa kemikali iitwayo kadanoli, na kuna watu wanatengeneza vilainishi kutokana nayo. Sisi tunapakia korosho ghafi kwenda India na Vietnam na maganda yake.

Mwanzisha mada
Kaka wa Lindi, hizo ni habari mbili tofauti. Chumvi za metali zilitiwa ili plastiki ivunjike. Mimi sizungumzii kuvunja plastiki, nazungumzia kimiminika ambacho tayari kinatoka, kiwe kimetengenezwa hivyo au la. Taka unaweza kuzoa. Kilichoshaingia kwenye kisima cha Mikindani utakizoa kwa ndoo gani?

Fundi, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu. Ukungu ni kweli. Ndiyo maana nisingeanza na nyaya. Tuanze na vitu vya kutumika muda mfupi na kutupwa: glavu, midoli, vitambaa vya meza. Waya ungoje mpaka uthibitishwe kwenye unyevu wa pwani, sio kwenye maabara ya nchi baridi.

Ndugu wa Newala, hapo umenigusa. Kadanoli ina mnyororo wa kaboni 15 usio na tawi, na hiyo ni dalili njema. Lakini kutoka kwenye mti hakumaanishi kitaoza salama. Nayo ipimwe mabaki kama wengine. Ningefurahi sana kuona kazi hiyo inafanyika hapa kwetu, kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kiko jirani na maganda yapo kwenye viwanda vya kubangua.

Mwenye duka la vifaa ambaye mzigo wake wa mipira unakuja na karatasi ya viambato, aipige picha aiweke hapa tuisome pamoja. Tuanze kwa kujua kilichomo.