Almásy, yule jamaa mkuu wa filamu ya The English Patient, ni msaliti au vipi?

Mtu wa Wete: Asalam aleikum wapenzi wa vitabu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Almásy anawapa Wajerumani ramani za jangwa ili apate mafuta ya ndege akamfate mpenzi wake Katharine pangoni, na Waingereza alishawaomba msaada mwanzo wakamfunga pingu kwa sababu ya jina lake tu. Mie nashindwa kumlaumu. Nyie je?

Bint Malindi: Mie namlaumu, tena sana. Muangalie Caravaggio, yule jasusi wa upande wa Waingereza aliyekamatwa na Wajerumani, vidole gumba vimekatwa vyote viwili, ndo hasara ya vita ile. Mapenzi yako wewe yalipwe na mwili wa mwenzio, kwa haki gani?

Kaka Mkunazini: Bint Malindi umenena, lakini kasomeni na kitabu, cha Ondaatje, 1992. Filamu ya 1996 imelainisha mambo, mle kitabuni jamaa kamuongoza jasusi wa Kijerumani jangwani mpaka Misri. Na Almásy wa kweli alikuwepo, Mhangari, mwaka 1942 aliwavusha majasusi wawili kutoka Libya mpaka Asyut huko Misri. Halafu kilichoniuma zaidi ni Kip, yule Kalasinga mtegua mabomu, kitabuni anaposikia bomu la atomiki limeangushwa Hiroshima anavunjika moyo na Wazungu wote anaondoka zake, kwenye filamu hilo wamelitoa kabisa. Kwetu sie tuliotawaliwa ndo ilikuwa roho ya hadithi!

Mtu wa Wete: Hilo la Kip silijui kabisa yakhe. Kitabu nakipata wapi hapa Unguja?