Je, ngitili ya ekari 12 inatosha ng'ombe 30 wakati wa kiangazi?

Mfugaji wa Misungwi

Ndugu wafugaji na maafisa ugani, nawasalimu. Ninafuga ng'ombe 30 wa asili karibu na Ghuba ya Mwanza. Ziwa lilipofurika mwaka 2020 na kupita kimo cha mwaka 1964, malisho yetu ya ufukweni yalifunikwa na maji, na maji yalipopungua yaliota matete ambayo ng'ombe hawayapendi. Mvua nazo hazitabiriki tena. Nimetenga ekari 12 ziwe ngitili, yaani malisho yanayotunzwa kwa ajili ya kiangazi, nizifunge masika na kuzifungua kuanzia Julai. Je, zitatosha, au nipunguze mifugo?

Afisa Ugani

Ndugu, wazo lako ni zuri, ila hesabu inakukataa. Ng'ombe wa kilo 240 hula takriban kilo 6 za malisho makavu kwa siku, hivyo ng'ombe 30 kwa siku 120 wanahitaji karibu tani 22. Ekari 12 ni kama hekta 5. Tukichukulia kwamba kila hekta inatoa tani 2, utapata tani 10, na nusu yake lazima ibaki shambani ili mizizi isife na udongo usibaki wazi. Zinabaki tani 5, yaani chakula cha ng'ombe saba.

Hata hivyo usiiache ngitili. Mkoani Shinyanga, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza mwaka 1986 ulifufua utaratibu huu wa Wasukuma, na maeneo yaliyotengwa yakapanuka hadi kupita hekta 300,000. Waweke humo ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na maksai wa kulimia. Madume ya ziada yauze Mei au Juni yangali na nyama. Dume linalokonda kila kiangazi huchelewa kufikia uzito wa kuuzwa, na miaka yote hiyo linatoa gesi ya methani inayoongeza joto duniani bila kukupa kilo hata moja zaidi.

Mzee wa Kwimba

Afisa, nakuheshimu, lakini sote tukiuza Juni bei itaanguka, na mahari ya kijana hailipwi kwa noti zilizokwisha kutumika. Tena ngitili bila ulinzi ni kulisha ng'ombe wa jirani. Kwetu dagashida, baraza letu la jadi, hukaa, ikapanga faini, na anayeingiza mifugo kabla ya wakati hulipa, awe tajiri au maskini.

Mama wa Magu

Mzee wangu, shikamoo. Hoja ya bei ni ya kweli, ndiyo maana sisi huuza wachache wachache kuanzia Aprili. Pengo lililobaki tunaliziba kwa majani ya mpunga, ambayo wengi huyachoma baada ya kuvuna. Kwa kila kilo 100 za majani tunanyunyizia kilo 4 za mbolea ya urea iliyoyeyushwa katika lita 50 za maji, kisha tunafunika kwa turubai lisilopitisha hewa kwa majuma matatu, na tunayaanika kidogo kabla ya kulisha. Tafadhali, ng'ombe asiyafikie maji hayo ya urea, kwani yanaua upesi.

Ndugu wa Misungwi, kama bado unawapeleka kwenye majimaji ya ufukweni, wape dawa ya minyoo ya ini, maana konokono wanaoieneza huishi humo humo.

Mfugaji wa Misungwi

Mzee, asante kwa busara ya dagashida. Nitaipeleka hoja ya faini kwenye mkutano wa kijiji kabla ya mvua za Oktoba. Mama, majani ya mpunga mnayahifadhi wapi yasinyeshewe?

Mama wa Magu

Juu ya kichanja, chini ya mwembe, na turubai juu yake.