Majirani wa Kibuli, Kampala: Chai ya Asubuhi ya Kalangala

Baba Hamza: Assalamu alaykum majirani. Safari ya kisiwani Kalangala, Ziwa Victoria, imethibitika, tuko watu 20. Tuongee sasa chai ya asubuhi kule ufukweni. Wengi wanataka mahamri na mbaazi za nazi kama za Mombasa. Hajati, tuongoze.

Hajati Mwanaidi: Wa alaykum salaam. Watu 20 ni unga wa ngano kilo 2. Kila kilo moja: sukari gramu 150, hamira ya chenga kijiko kikubwa kimoja kisichojaa, iliki kijiko kidogo kimoja, tui zito nusu lita. Iliki itwangwe siku ile ile ya kuchanganya unga, ile ya unga iliyokaa dukani haina harufu tena. Kilo moja inatoa matonge 8, kila tonge vipande 4. Jumla mahamri 64.

Nakato: Asante Hajati. Kitabu cha mapishi nilicho nacho kimeandika tui vikombe 2 kwa kilo. Ni tumpeko mbili, vile vikombe vyetu vya plastiki?

Hajati Mwanaidi: Hapana mwanangu! Kikombe cha vitabuni ni mililita 250, tumpeko ni nusu lita. Tumpeko mbili ni lita nzima, hapo utapata uji. Tia tumpeko moja, tena usiimimine yote kwa mpigo, maana unga mwingine hunywa zaidi na mwingine kidogo. Donge liwe laini, lisigande mkononi. Kanda dakika 15 kamili.

Mama Sharifa: Na tui liwe vuguvugu tu. Likiwa la moto linaua hamira, na hapo hata ungoje mpaka adhuhuri unga hauumuki.

Baba Hamza: Kwa nini mengine hayafuri, yanatoka bapa kama chapati?

Hajati Mwanaidi: Mara nyingi ni kusukuma. Ukisukuma jembamba sana hakuna nafasi ya mvuke kutenganisha juu na chini. Acha unene wa nusu sentimita. Ukishakata, funika kwa kitambaa dakika 20 kabla ya kukaanga. Sababu nyingine ni unga mkavu wa kunyunyizia: ukizidi, uso unakauka na kupasuka, mvuke unatoroka.

Kisha mafuta. Dondosha kipande kidogo cha donge: kikizama na kukaa chini, mafuta bado, na mahamri yatayanywa. Kikipanda mara moja na mapovu madogo, tia. Kikiwa cheusi upesi, punguza mkaa, la sivyo nje yataungua na ndani mabichi. Hamri likishaingia, limwagie mafuta juu kwa upawa bila kusita. Hapo ndipo linapofura, utaliona linavimba kuanzia pembeni mpaka katikati. Geuza mara moja tu.

Mzee Okot: Habari zenu. Mbaazi niachieni mimi. Lapena, yaani mbaazi kwa Kiacholi, za Kitgum zimefika sokoni, kavu na safi. Kilo moja na nusu zitatosha watu 20.

Mama Sharifa: Mzee, vitabu vya pwani vinasema zichemke saa moja. Huku haitoshi.

Mzee Okot: Haitoshi kweli. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 96 au karibu na hapo. Mombasa ni 100. Kwa hiyo loweka usiku kucha, mwaga yale maji, na hesabu saa moja na nusu mpaka mbili. Mbaazi za zamani zaidi ya hapo. Nyanya na ndimu zisiguse sufuria mpaka mbaazi ziwe zimeiva, uchachu unazifanya zibaki ngumu.

Nakato: Na odii, ile simsim ya kusaga, badala ya nazi, Mzee?

Mzee Okot: Odii ni tamu sana na lapena, lakini hiyo ni ya kula na kwon, ugali wetu, mchana. Iliki ya mahamri na simsim havipatani. Asubuhi hiyo tuwape nazi.

Mama Sharifa: Basi nazi. Mbaazi zichemshie tui la pili, lile jepesi. Tui zito liingie mwisho, moto mdogo, koroga kuelekea upande mmoja na usifunike. Likichemka kwa nguvu linakatika, mafuta yanaelea juu na mchuzi unabaki majimaji. Kitunguu, bizari kidogo na pilipili nzima isiyopasuliwa. Basi.

Baba Hamza: Vyombo vizito vipite njia gani?

Mama Sharifa: Gari lenye sufuria na mkaa lipitie Masaka, livuke kwa feri kutoka Bukakata hadi Luku kisiwani. Wengine wapande meli ya MV Kalangala pale Nakiwogo, Entebbe, ni mwendo wa kama saa tatu na nusu mpaka gati ya Lutoboka, Kalangala. Hamira, sukari, iliki na unga vichanganywe huku nyumbani vikiwa vikavu, kila kilo mfuko wake. Kule ni kuongeza tui tu.

Hajati Mwanaidi: Vizuri sana hivyo. Sigiri ziwekwe nyuma ya ukuta au gari. Upepo wa ziwa unapoza mafuta upande mmoja na mchanga unaingia kwenye donge.

Mzee Okot: Na watoto wasiogelee penye matete, konokono wa kichocho hukaa humo. Maji ya chai na ya kunywa yachemshwe yote.

Nakato: Nazi nanunua ngapi?

Hajati Mwanaidi: Kumi. Sita za mahamri, nne za mbaazi. Tikisa kila moja usikie maji mengi, na utazame yale macho matatu: yakiwa na unyevu au ukungu, rudisha. Mbuzi yangu ya kukunia ipo, mje kuichukua Alhamisi baada ya Alasiri.