Wasomaji wangu wanamhukumu mhusika kabla ya kumwelewa. Nifanyeje?

Mwongoza Usomaji:
Wakuu, salaam. Naomba ushauri kwa wanaojua kuongoza mijadala ya fasihi. Kikundi kina watu wazima saba, na kila wiki mbili tunasoma hadithi fupi moja. Kila mara mjadala unafia palepale: ama "masikini, anatia huruma", ama "kajitakia mwenyewe". Nataka wajifunze kuingia ndani ya mtu mwingine, na hilo liwafae hata nje ya kitabu, nyumbani na kazini. Je, jambo hili linafundishika? Nianzie wapi?

Kalamu Tulivu:
Linafundishika. Ila kwanza tenganisha mambo mawili ambayo neno "huruma" limeyabeba pamoja. Kuna kumwonea mtu huruma, ambapo wewe unabaki ulipo na kumtazama. Halafu kuna kuhisi pamoja naye, yaani kujitahidi kuliona jambo kama yeye anavyoliona. "Masikini" ni ile ya kwanza, na ndiyo maana haina swali linaloifuata.

Pili, chunguza swali unalowauliza. Wengi huuliza, "Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Hapo mhusika ameondolewa, na msomaji amekaa mahali pake akiwa na malezi yake mwenyewe, pesa zake na ujasiri wake. Jibu lazima liwe "mimi ningeondoka zamani". Uliza hivi: "Yeye, kwa jinsi alivyo na kwa anachokijua hadi ukurasa huu, anaona njia zipi?"

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Mwaka 1997 mwanasaikolojia Daniel Batson na wenzake walizilinganisha namna hizo mbili za kuwaza. Waliowaza jinsi mwenye shida anavyojisikia walipata huruma kwake. Waliojiwazia wao wenyewe wakiwa na shida ile walipata huruma pia, lakini wakaongezewa dhiki yao binafsi. Na aliyeelemewa na dhiki yake hutafuta mlango wa kutokea. "Kajitakia" ni mlango mwepesi sana.

Bint Riwaya:
Naongezea zoezi. Chukua tukio moja tu, kama maneno 600, ambamo mhusika yuko karibu kuamua jambo. Likate kabla uamuzi haujajulikana, wape nakala zisizo na mwisho. Kwa saa moja gawa hivi: dakika 10 kusoma kimya, 10 kuandika, 25 kujadili, 15 kusoma kipande kilichobaki na kulinganisha.

Kuandika kuwe kwa safu tatu: maandishi yanasema nini, mimi nakisia nini, nakisia hivyo kwa sababu gani. Kazi yote iko kwenye safu ya tatu. Tuseme mhusika amepata habari ya kifo, naye anaendelea kukunja nguo. Mmoja ataandika hana uchungu. Mwingine ataandika anauahirisha uchungu. Waulize wote wawili: ni mstari upi uliokupeleka huko? Nguo ni za nani? Je, kuna nguo aliyoikunja mara mbili? Safu ya tatu ikijaa "kwa sababu mama yeyote hulia" au "wanaume ndivyo walivyo", ujue pengo limezibwa kwa dhana ya msomaji, maandishi hayakusomwa.

Usiruke zile dakika 15 za mwisho. Hapo ndipo mtu anagundua kuwa amemkosea mhusika, na alimkosea wapi.

Kuhusu uteuzi wa hadithi: epuka zenye wahusika bapa, yaani wa sifa moja tu mwanzo hadi mwisho; hawana pa kuingilia. Epuka pia msimulizi anayekuambia "alihuzunika sana" kila aya, maana amekufanyia kazi yako. Na usidhani nafsi ya kwanza ndiyo inayotuweka karibu zaidi na mtu; msimulizi wa "mimi" anaweza kujificha vizuri kuliko yeyote. Kama hadithi ina kifo au ukatili, watangazie mapema, na mtu aruhusiwe kunyamaza.

Mzee wa Maktaba:
Tahadhari moja kwa kiongozi: usiwaahidi kuwa hadithi moja itawabadilisha. Mwaka 2013 watafiti David Kidd na Emanuele Castano walichapisha katika jarida la Science matokeo kwamba kusoma vipande vifupi vya fasihi kulipandisha alama za kutambua hisia za watu. Kipimo kimojawapo kilikuwa picha 36 za macho, unachagua neno linaloeleza hali ya mwenye macho hayo. Habari ilienea sana. Mwaka 2016 watafiti wengine walirudia jaribio bila kuyapata matokeo yale. Uchambuzi uliokusanya tafiti 14, uliotoka 2018, uliona athari ipo lakini ni ndogo. Kwa hiyo tegemea mazoezi ya miezi, si kikao kimoja.

Sikio Kwanza:
Upande wa maisha ya kila siku ndio watu hukosea zaidi, kwa sababu kitabuni mwandishi anakupa jibu ukurasa unaofuata, lakini mtu aliye hai hana ukurasa huo. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Watafiti Tal Eyal, Mary Steffel na Nicholas Epley walifanya majaribio 25, yakachapishwa 2018: kujaribu kujiwazia katika nafasi ya mwenzako hakukuongeza usahihi wa kumjua. Kuzungumza naye kuliongeza.

Kwa hiyo acha kabisa "najua unavyojisikia". Kisio lako litoe kama swali analoweza kulikataa: "Naona kama kilichokuumiza si uamuzi wenyewe, ni kutoshirikishwa. Ndivyo, au nimekosea?" Kisha nyamaza. Usimrukie kwa mfano wa yaliyokupata wewe. Akisema umekosea, mshukuru na uulize tena. Kukosolewa ndiyo njia yenyewe. Kabla ya kutoa ushauri uliza, "Nikusikilize tu, au tutafute njia pamoja?" Watu wengi huchukia ushauri mzuri kwa sababu umefika mapema.

Mwongoza Usomaji:
Ahsanteni sana. Swali moja limebaki. Tukimwelewa mhusika katili, si tutaishia kumtetea?

Kalamu Tulivu:
Hatari hiyo ipo, na chanzo chake ni hesabu ya kurasa. Tunahisi pamoja na yule aliyepewa nafasi ya kuwaza mbele yetu. Orodhesha watu wote waliomo kwenye tukio, kisha hesabu mistari inayoeleza mawazo ya kila mmoja. Mara nyingi katili ana mistari 40, aliyeumizwa ana mitatu, na mtumishi aliyefungua mlango hana hata mmoja. Kila mwanakikundi amchague mmoja wa wasio na mistari, aandike maneno 150 ya tukio lilelile kwa macho yake, bila kuongeza jambo linalopingana na hadithi.

"Kwa nini alifanya" na "alimuumiza nani" yawe maswali mawili, kila moja na muda wake. Ukiyachanganya, la kwanza hulimeza la pili.

Sikio Kwanza:
Na hesabu hiyohiyo uipeleke kwenye ugomvi wa nyumbani au kazini. Anayejua kujieleza hupata mistari mingi. Kabla hujaamua, mwendee aliyenyamaza, mkiwa wawili tu, umuulize yeye aliliona vipi.