Kishikwambi au laptopu kwa kazi ya picha nje ya studio?

LenziNne:
Wakuu, salaam. Nisaidieni kuamua kabla sijatoa hela. Kazi ni za nje, siku 2 hadi 4 mfululizo, na umeme si wa uhakika. Kamera ni ya megapikseli 24, napiga RAW tupu (faili ghafi la kamera), kama picha 600 kwa siku. Jioni kuna mambo matatu: kuhamisha picha kutoka kwenye kadi ziwe salama, kuchambua zilizo bora, na kumtumia mteja 10 au 15 zilizohaririwa. Kishikwambi kinanivutia kwa wepesi, ila kila ninaposoma nakuta "hicho si kompyuta". Ni kitu gani hasa kinachoshindikana? Na tafadhali, msiniambie "inategemea" halafu mkaishia hapo.

TunduLaC:
Mkuu, usianze na kioo wala prosesa. Anza na tundu la USB-C, maana hilo ndilo linalotenganisha kishikwambi cha kazi na cha kutazamia filamu. Umbo la tundu ni moja kwa vyote, kasi siyo. iPad ya kawaida ya kizazi cha 10 ina USB-C, lakini ndani yake ni USB 2.0, yaani megabiti 480 kwa sekunde. iPad Air ya kizazi cha 5 inafika gigabiti 10, na iPad Pro kuanzia zile za 2021 zinafika 40. Kwa Android soma karatasi ya vipimo kabla ya kulipa. Ukiona USB 2.0, pita. Karatasi isipotaja kasi kabisa, hapo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Tupige hesabu. RAW moja ya megapikseli 24, iliyobanwa bila kupoteza kitu, ni kama MB 25 hadi 30. Picha 600 ni GB 15 hadi 18. USB 2.0 kwa uhalisia inatoa MB 35 hadi 40 kwa sekunde, kwa hiyo GB 18 zitaingia kwenye kishikwambi kwa dakika 8 hivi. Hilo linavumilika. Shida inaanza unaponakili kutoka kwenye kadi kwenda SSD ya nje (diski ya kuhifadhia data) kupitia habu (kifaa cha kuongeza matundu): data inaingia na kutoka kwa tundu lile lile, na USB 2.0 haiwezi kupokea na kupeleka kwa wakati mmoja. Kasi inashuka nusu, zile dakika 8 zinakuwa 16, na bado hujagusa nakala ya pili. Kwa tundu la kasi, kadi ya UHS-II (aina ya kadi za SD za kasi) inayosoma MB 250 kwa sekunde inamaliza GB 18 ndani ya dakika moja na kidogo.

Halafu kuna mitego. Kebo inayokuja ndani ya boksi mara nyingi ni ya kuchajia tu, na kwenye data haizidi USB 2.0 hata kama tundu ni la kasi. Baadhi ya habu zenye HDMI ya 4K kwa 60 Hz nazo hutumia njia zote za kasi kupeleka picha kwenye skrini ya nje, USB ikabaki 2.0. Kama huna haja ya skrini ya nje, chukua habu isiyo na HDMI kabisa.

SSD ifomati (namna diski inavyopanga faili) iwe exFAT. NTFS, iPad haiwezi kuiandikia. FAT32 haipokei faili moja lenye zaidi ya GB 4, na ukirekodi video kidogo tu utagonga ukuta huo.

KivuliKirefu:
Hesabu za hapo juu ni sahihi, lakini kwangu kasi ni jambo la pili. Swali ni hili: utajuaje kwamba kilichofika kwenye SSD ndicho kilichokuwa kwenye kadi? Programu ya Files ya iPad inanakili, inakuonyesha kiduara kinachojaa, basi. Hailinganishi chochote baada ya hapo.

Kwenye laptopu ya Mac au Linux unanakili kwa amri ya `rsync -av`, kisha unachomoa SSD kwa utaratibu, unaichomeka upya, na unarudia kwa `rsync -avcn`. Herufi c inalinganisha yaliyomo kwa namba hakiki (inayokokotolewa kutokana na data ya faili), n inazuia kunakili chochote. Isipoorodhesha faili hata moja, nakala zinafanana. Hiyo ya kuchomoa na kuchomeka si mapambo: usipofanya hivyo, kompyuta inaweza kusoma data iliyobaki kwenye RAM badala ya kusoma SSD yenyewe, ukapewa jibu zuri lisilo na maana. Windows ina `certutil -hashfile` kwa faili moja moja, na zipo programu za kunakili zinazohakiki kundi zima zenyewe.

Ukibaki na kishikwambi, hakiki kwa mkono. Linganisha idadi ya faili na jumla ya ukubwa wake, pande zote mbili. Kisha fungua kama 20 kutoka mwanzo, katikati na mwisho, na uzikuze hadi asilimia 100 ndani ya programu inayosoma RAW yenyewe. Usiridhike na picha ndogo za orodha. Kila faili la RAW limebeba JPEG ndani yake kwa ajili ya kuonyeshwa, na JPEG hiyo inaweza kuonekana safi kabisa wakati data ya RAW imekatika katikati.

Kadi ya SD isukume kile kifungo cha pembeni iwe imefungwa kabla ya kuiweka kwenye kisoma kadi, mashine isiandike kitu chochote juu yake. Na usifomati kadi hadi kuwe na nakala mbili kwenye vifaa viwili tofauti. Nunua kadi za kutosha safari nzima, ili kufomati katikati ya kazi kusiwe jambo la lazima.

La mwisho ambalo wengi hawalijui: ukiingiza picha zote moja kwa moja kwenye Lightroom (programu ya kuhariri picha) ya kishikwambi, RAW zinakaa ndani ya programu hadi zipande kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ukifuta programu kabla hazijapanda, zimekwenda nayo. Nakili kwanza kwenye SSD, halafu ingiza zile ulizochagua tu.

LenziNne:
Asanteni, hiyo ya JPEG ndani ya RAW sikuijua. Na upande wa umeme? Paweabanki ya mAh 20,000 itatosha?

WatiNaSaa:
Acha mAh, hesabu kwa wati-saa. Hizo mAh 20,000 zimepimwa kwa volti 3.7, kwa hiyo ni Wh 74. Toa kinachopotea wakati wa kupandisha volti, weka akilini 60. Kishikwambi cha inchi 11 kina betri ya Wh 30 hivi, unakijaza mara mbili. Laptopu ya inchi 13 au 14 ina 50 hadi 70, unaijaza mara moja kwa shida.

Kabla ya ujazo, angalia wati zinazotoka. Laptopu nyingi zinataka PD (mfumo wa kuchaji kwa kasi kupitia USB-C) ya wati 45 kwenda juu. Paweabanki ya wati 20 itachaji kishikwambi bila tatizo, ila laptopu inaweza kuikataa, au ikaendelea kushuka chaji huku imechomekwa. Na kama mnasafiri kwa ndege, kikomo cha kawaida ni Wh 100 kwa kila paweabanki, na inabebwa mkononi, haiingii kwenye mzigo wa chini.

Kishikwambi kina tundu moja, kwa hiyo utahitaji habu yenye mlango wa chaja. Hapa ndipo nakala nyingi zinapoharibika: ukichomeka au kuchomoa chaja kwenye habu wakati wa kunakili, habu nyingi hujiwasha upya kwa sekunde moja, na SSD inakatika. exFAT haina kumbukumbu ya kujirekebisha, kwa hiyo faili lililokuwa linaandikwa limeharibika, na wakati mwingine folda nzima. Utaratibu ni chaja kwanza, halafu SSD, kadi mwisho, kisha mikono mbali hadi kiduara kiishe. Skrini nayo isiachwe ijizime.

Joto ni adui mwingine. Apple wenyewe wameandika kwamba iPad itumike kwenye nyuzi 0 hadi 35. Haina feni. Juani hupunguza mwanga wa kioo yenyewe na kusitisha kuchaji, tena wakati ule ule unapohitaji mwanga zaidi. Vua kava nene, tafuta kivuli. Laptopu yenye feni itahimili zaidi, lakini feni hiyo hiyo inavuta vumbi.

RangiHalisi:
Naongeza la rangi kwa ufupi. Kwenye iPad zima True Tone na Night Shift (zinabadilisha rangi ya kioo zenyewe), zima na mwanga unaojirekebisha, vinginevyo unahariri rangi zinazohama kila mara. Kioo cha iPad kwa kawaida ni kizuri tangu kiwandani, ila huwezi kukipimia wasifu wa rangi ukatumika kwenye mfumo mzima kama kwenye laptopu. Kwa picha za kumtumia mteja aziangalie kwenye simu, hilo halisumbui: toa JPEG ya sRGB (mpangilio wa rangi wa kawaida wa skrini), upande mrefu pikseli 2048. Za kuchapishwa zimalizie kwenye skrini iliyopimwa. Ukiwa nje usihukumu mwangaza kwa macho, kioo juani kinadanganya, soma histogramu (mchoro wa mgawanyo wa mwangaza).

LenziNne:
Kwa hiyo kwa picha 600 na 15 za kutuma?

KivuliKirefu:
Mimi ni mtu wa laptopu, lakini kwa kazi uliyoeleza kishikwambi kinatosha: tundu la gigabiti 10, nafasi ya ndani GB 256, SSD mbili za TB 1 na kisoma kadi cha UHS-II. Ungekuwa unatakiwa kuandika maelezo ya nani yuko wapi kwenye picha 200 kila jioni, au kuunganisha panorama nyingi, ningekukatalia. Nyota za kuchagua anza kuziweka kwenye kamera yenyewe kama inaruhusu, kishikwambi kitapokea kazi iliyopungua.

Ila kabla ya safari jaza kadi GB 18, zima intaneti, chaji kwa paweabanki tu, na ufanye mzunguko wote hadi SSD ya pili huku umeshika saa. Ikizidi dakika 15, badilisha kebo kwanza kabla hujalaumu kifaa.