Shabaha ya kuanguka, ya karatasi au ya umeme: ipi itafaa kikundi kidogo cha Tanga?

Mlenga_Sahare (mwanzisha mada)

Asalaam aleikum wana jamvi, habari za jioni.

Hapa Sahare tuna kikundi cha watu kumi na ushee tunaolenga shabaha kwa bunduki na bastola za upepo, zile za milimita 4.5, umbali wa mita 10. Upande wa kibali tumeshamalizana na polisi, ukuta wa nyuma upo, na paa lipo nusu. Sasa fedha kidogo imechangwa na kikao kimegawanyika. Wazee wanataka vibao vya chuma vya kuanguka: piga, kilale, vuta kamba kisimame. Vijana wanataka shabaha ya umeme, ile unayopiga na skrini pembeni inakuandikia alama zako kwa desimali, 9.7 au 10.3, hapo hapo. Mweka hazina anasema tubaki na karatasi, na kwa kuwa ufunguo wa sanduku anao yeye, hoja yake ina nguvu.

Waliowahi kutumia hivi vitu naomba walinganishe bila ushabiki. Mazingira mnayajua: bahari iko pale, umeme unakwenda na kurudi, na kusi ikishika hakuna karatasi inayotulia.

Fundi_Ngamiani

Mkuu, mimi nachomelea Ngamiani na nimeshatengeneza vibao hivyo, nitasema vya upande wangu tu.

Watu wanadhani kazi iko kwenye bamba. Bamba si kitu, la milimita 3 linatosha kwa bunduki za upepo za mashindano. Kazi iko kwenye bawaba na mwinamo. Kijirisasi chenyewe ni nusu gramu na kidogo, kinakwenda mita 170 hivi kwa sekunde, kwa hiyo msukumo wake ni mdogo mno. Kibao kikisimama imara sana utakigonga katikati kitalia "ting!" na kubaki kimesimama, halafu mlengaji anageuka kukuangalia wewe fundi. Kikilegea, upepo wa baharini unakuangushia vyote kabla mtu hajashika bunduki.

Dawa yake ni hii: kibao kisimame kimeinama kidogo mbele, kuelekea kwa mlengaji, kikiegemea kichwa cha bolti. Kikigongwa kinavuka wima na kulala nyuma. Bolti ile ndiyo rekebisho lako. Ukiikaza kibao kinainama zaidi na kinakuwa kigumu kuanguka, ukiilegeza kinakuwa chepesi. Siku ya upepo unakaza robo mzunguko, siku ya utulivu unarudisha.

Kutu sasa. Bawaba ya dukani ya chuma cha kawaida usiweke nje hapa Tanga. Weka pini ya stenlesi ndani ya bushi ya shaba au ya plastiki ngumu. Usipake grisi, inakamata mchanga. Tia oili ya cherehani, tone moja linatosha. Waya wa kuvutia usinunue wa gharama. Mji wa baiskeli huu, waya wa breki na ganda lake unaupata kila kona, na unapinda vizuri kwenye pembe.

Kuruta_Mstaafu

Naunga mkono chuma. Wale wa bayathloni, mchezo wa kuteleza kwenye theluji halafu unalenga, wanatumia nini? Vitundu vitano, mita 50. Ukiwa umelala kila kimoja ni milimita 45, ukiwa umesimama 115. Umepata au umekosa, basi. Hakuna cha 10.3 pale na watu wanachukua medali.

Mwalimu_Chumbageni

Mzee wangu Kuruta, shikamoo, lakini hapo naomba nipinge kidogo.

Kibao kinakwambia umepata. Hakikwambii umepata wapi. Nina kijana anayevuta triga kwa kidole kizima; risasi zake zote zinakwenda chini kushoto, zimekaa pamoja vizuri kabisa. Mpe kibao cha milimita 40, atakiangusha kila mara na kuondoka na furaha zake, na kosa lake atazeeka nalo. Mpe karatasi, baada ya risasi tano mimi na yeye tunaona lile kundi dogo liko mbali na katikati, tunazungumza.

Halafu tuangalie vipimo, maana bunduki na bastola hazilingani hapa. Kwenye shabaha ya kimataifa ya bunduki ya upepo ya mita 10, alama ya 10 ni kidoti cha nusu milimita. Duara la 9 lina kipenyo cha milimita 5.5, na kila duara linaloongezeka linaachana na lenzake kwa milimita 2.5. Kadi nzima ya duara hizo ni milimita 45.5, inaenea kiganjani. Ya bastola ni jitu jingine: 10 yake ni milimita 11.5 na duara la nje ni 155.5.

Tangu 2013 bunduki ya upepo inahesabiwa kwa desimali hata kwenye raundi ya mchujo, risasi 60, na ya juu kabisa ni 654, yaani 10.9 mara 60. Bastola kwenye mchujo bado inahesabiwa kwa namba kamili, juu kabisa 600. Kwa hiyo Mlenga, kabla hamjagombana kuhusu skrini, hesabuni kwanza: wangapi kati yenu wanapiga bastola? Hao karatasi inawatosha miaka. Mwenye haki ya kulilia desimali ni wa bunduki, na hata yeye baada ya kufika mahali ambapo 9 ni risasi mbaya kwake.

Karatasi yenyewe msichapishe kwenye ile nyepesi ya kudurufu. Inachanika, tundu linakuwa na ndevu, na hapo ndipo ugomvi wa "imegusa, haijagusa" unapoanzia. Manila inakatika safi. Kuwe na kipimo cha chuma cha milimita 4.5 cha kuingiza tunduni: ukingo wake ukigusa mstari wa juu, mlengaji anapewa alama ya juu.

Fundi_Ngamiani

Mwalimu umenena. Ila kwenda na kurudi mita 10 kwa kila karatasi ni mazoezi ya miguu, si ya kulenga 😂

Mwalimu_Chumbageni

Ndiyo maana kuna za kuvutwa kwa kamba, Fundi. Kapi mbili, kamba, na mota ndogo ya volti 12. Mota ya waipa ya gari inafanya, unabonyeza swichi kadi inakuja hadi mezani. Umeme ukikatika unazungusha kwa mkono. Na muhimu zaidi, hakuna mtu anayetembea mbele ya mitutu.

Saketi_Bagamoyo

Niko Bagamoyo, chumvi yetu na yenu moja. Nimejenga za umeme na kuzihudumia, acha nieleze zinavyofanya kazi maana vijana wanaona skrini tu.

Ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya sauti. Ndani ya boksi kuna maikrofoni nne au zaidi. Kijirisasi kinatoboa karatasi iliyokazwa mbele, mlio unasafiri, na kila maikrofoni inausikia kwa wakati wake. Kompyuta ndogo inalinganisha tofauti za muda huo na kukokotoa tundu liko wapi. Safi. Lakini sauti haina mwendo mmoja. Kwenye nyuzijoto 0 inakwenda mita 331 kwa sekunde, na kila nyuzi moja inaongeza kama 0.6. Kwenye 30 ni karibu 349. Sasa weka mashine isiyopima joto, irekebishe vipimo vyake saa moja asubuhi kwenye 24, halafu piga saa nane mchana kwenye 30. Tofauti ni asilimia moja hivi.

Utasema asilimia moja ni nini? Risasi ya katikati kabisa haiathiriki, kwa sababu maikrofoni zote zinaisikia kwa pamoja, joto liwe lolote. Kosa linakua kadiri unavyotoka nje. Milimita 20 kutoka katikati, asilimia moja ni milimita 0.2. Na kwenye bunduki sehemu moja ya kumi ya alama ni milimita 0.25. Kwa hiyo mlengaji mzuri hataona kitu, anayeanza ndiye atakayepunjwa au kuongezewa, na yeye hana habari. Mashine nzuri zina kipimajoto ndani. Ukiuziwa isiyo nacho, ulizia kwa nini.

Jambo la pili kwenye hizi za sauti ni karatasi. Ndiyo, bado mnanunua karatasi! Iko kwenye roli na mota inaisogeza baada ya risasi, kwa sababu ukipiga kwenye tundu lililopo hakuna mlio wa kusikika. Roli ikiisha, au ikinywa unyevu wa bahari ikalegea, mashine inaanza kutoa alama za ajabu.

Aina ya pili ni ya mwanga. Safu za taa za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, upande mmoja, vipokezi upande wa pili, kijirisasi kinakata mwanga na mashine inajua kimepita wapi. Haihitaji karatasi wala haijali joto. Inachoogopa ni jua la moja kwa moja, vumbi, na buibui. Usicheke. Buibui akifunga uzi mbele ya kipokezi utapoteza asubuhi nzima kumtafuta. Na ule utando wa chumvi unaoganda kwenye vioo vya madirisha unaganda kwenye vioo vya sensa vilevile.

Majina makubwa ni SIUS ya Uswisi, Meyton ya Ujerumani na Megalink ya Norwei. Kwa njia moja tu ya kupigia jiandaeni kwa mamilioni ya shilingi, bado usafiri na ushuru. Njia ya mnyonge ni mradi wa freETarget, ambao michoro na programu zake ziko wazi mtandaoni, ni ya sauti, unajijengea mwenyewe. Inawezekana, ila mnahitaji mtu mwenye subira na chuma cha kulehemu saketi, na awe anaishi karibu nanyi. Akihamia Dodoma na shabaha imekufa.

Mlenga_Sahare

Saketi, shukrani sana ndugu yangu. Umeme wenyewe ukikatika katikati ya mashindano?

Saketi_Bagamoyo

Hilo ndilo dogo kuliko yote. Nyingi zinatumia volti 12 au 24, betri na sola kidogo zinaendesha. Skrini weka tableti au simu. Mimi umeme haujawahi kuniumiza kichwa kama unyevu.

Pangani_Shabaha

Kwa nini hakuna anayetaja lesa, zile zinazotoa mwale wa mwanga badala ya risasi? Kwenye pentathloni ya kisasa, ile ya michezo mitano kwa mmoja, walishaacha vijirisasi, Olimpiki ya London 2012 walitumia bastola za lesa, mita 10, shabaha ya milimita 59.5. Kwa watoto wa shule ni salama na hamna madini ya risasi ya kuokota.

Kuruta_Mstaafu

Marahaba Mwalimu. Sikubishii kuhusu kundi la risasi. Zamani kwenye viwanja vya bunduki kubwa kazi hiyo walifanya watu walioko shimoni chini ya tuta: wanashusha shabaha, wanaziba tundu, wanaipandisha, halafu wananyoosha mti wenye kibao cha duara kukuonyesha umepiga wapi. Skrini yenu ni yule mtu wa shimoni.

Na Pangani, lesa haina kishindo wala mtikisiko. Kijana atajifunza kulenga, hatajifunza kutulia.

Pangani_Shabaha

Mzee, bunduki ya upepo ya mashindano nayo ina kishindo gani?

Kuruta_Mstaafu

Hapo umenishika 😂

Mkonge_Pongwe

Mnazungumza alama, mimi naomba mzungumze usalama, maana kikundi kina vijana. Vyuma kwa gololi za chuma ni MARUFUKU, zinarudi kama zilivyokwenda. Vyuma ni kwa vijirisasi laini vya madini ya risasi tu, na miwani ya kinga kwa kila mtu aliyepo, hata aliyekuja kutazama. Bamba la nyuma liinamishwe, ukingo wa juu uje mbele, vipande vishuke kwenye trei. Trei ile isimwagwe uani kuku wanadonoa. Mkono uoshwe kwa sabuni kabla ya kugusa muhogo.

Na kama mnataka kitu cha katikati: bandika kisensa cha mgongano, kile kidude cha duara kinachotoa mlio kwenye saa na kengele za mlango, nyuma ya kibao cha Fundi. Kikigongwa kinatoa umeme kidogo, taa inawaka mezani. Ni bei ya chai. Bado hakitakwambia wapi, lakini kinamaliza ubishi wa "nimekigonga hakikuanguka".

Saketi_Bagamoyo

Hicho naunga mkono. Kipake silikoni juu, kisiachwe wazi. Na waya ziwe za kusokotwa pamoja, la sivyo mota ya Mwalimu ikiwaka kila taa itaonyesha umepata.

Mlenga_Sahare

Wakuu, nimewasomea kikao majibu yote. Tumehesabu kama Mwalimu alivyosema: wengi wetu ni wa bastola, wa bunduki ni watatu. Basi tunaweka njia mbili za karatasi za kuvutwa kwa kamba, na njia moja ya vibao vitano vya Fundi vyenye sensa za Mkonge, ndiyo itakayowapa wazee raha na kutuletea watu wapya. Za umeme kamili hapana kwa sasa. Wale watatu wa bunduki wamekubali kupiga picha kadi zao na kuzisoma kwa programu ya simu kama TargetScan, desimali zao watazipata humo. Mmoja kanuna, atapoa.

Fundi, vibao tuanze na kipenyo gani?

Fundi_Ngamiani

Vitatu vya milimita 40, viwili vya 20 kwa wenye majivuno. Nitumie vipimo vya ukuta.

Mwalimu_Chumbageni

Picha ya kadi ipigwe kwa juu, simu ikiwa sambamba na kadi, si ubavuni, la sivyo duara linakuwa yai na programu inadanganya. Na katikati ya shabaha iwe mita 1.40 kutoka usawa wa sakafu anaposimama mlengaji. Fundi asipimie kwenye mchanga wa chini ya ukuta, pale panashuka kila mvua ikinyesha.

Fundi_Ngamiani

Nimekusikia Mwalimu, nitakuja na mpira wa maji wa kupimia usawa. Mlenga, waambie wanoe panga, lile jani la nyuma ya ukuta siwezi kuchimbia nguzo ndani yake.